Moshi: mashine ya gemu inajizima na kuwaka upya, vitufe viwili vimekufa

Majengo_Gemu
Wakuu habari za leo. Nina mashine ya gemu ya kusimama, mfumo wa JAMMA (utaratibu wa kawaida wa kuunganisha bodi ya sakiti yenye gemu na mashine) wa pini 56, iko Majengo hapa Moshi. Gemu inajizima na kuanza upya, hasa wakicheza wawili. Mchezaji wa kwanza, kitufe cha 2 na cha 3 havifanyi kazi, ila joistiki na kitufe cha 1 viko sawa. Halafu mlango wa sarafu unashtua ukiugusa na mkono wenye jasho. Pawa saplai inatoa 5.08V, kwa hiyo naona ni nzima. Nianzie wapi?

Waya_Kiboriloni
Mkuu, anza na huo mshtuko, na usimruhusu mtu acheze kabla hujaumaliza. Ndani ya saplai kuna kapasita ndogo zinazounganisha laivu, na pia nyutro, na bati lake. Ethi isipokuwepo, bati linakaa karibu na 115V, yaani nusu ya 230V. Mkondo wake ni mdogo, lakini siku laivu ikigusa bati kweli, hakuna kitakachomlinda mtoto aliyeshika joistiki.

Chomoa plagi kwenye soketi. Weka mita kwenye omu, pima kutoka pini ndefu ya plagi hadi mlango wa sarafu: isizidi omu 1. Kisha vuta waya wa ethi kutoka saplai (palipoandikwa FG, yaani ethi ya fremu) hadi mlango, bati la vitufe na fremu ya skrini. Ekstensheni ya pini mbili itupe. Soketi ya ukutani nayo ikaguliwe, maana nyingi zina tundu la ethi lisilo na waya nyuma. Kama skrini ni ya zamani ya kioo kizito, usiguse kofia ya mpira iliyo juu ya kioo, inabaki na maelfu ya volti hata umeme ukiwa umezimwa.

Sakina_Bodi
5.08V kwenye saplai haikuambii kitu. Inayohesabika ni volti inayofika kwenye bodi gemu ikiwa inacheza. Pima kwenye pini: waya mweusi wa mita pini 1, mwekundu pini 3. Unatakiwa upate 4.95 hadi 5.10V. Chini ya 4.75V bodi nyingi zinaanza kujizima.

Waya wa 0.5 mm² una kama omu 0.034 kwa mita. Mita moja na nusu kwenda na nyingine kurudi, bodi ikivuta ampia 5, unapoteza nusu volti nzima njiani. Weka 1.5 mm² hasara inashuka hadi 0.17V. Chukua waya laini wa nyuzi nyingi. Ule mgumu wa nyumba unalegeza soketi ya bodi. Tumia pini zote: +5V ni 3, 4, C na D, hasi ni 1, 2, A, B, na zile za mwisho 27, 28, e, f.

Tafadhali usikimbilie kupandisha kile kibisi cha saplai (skrubu ndogo ya kurekebisha volti). Siku ukiweka bodi inayovuta kidogo, volti itaruka juu ya 5.25 na utaunguza chipu.

Waya_Kiboriloni
Vitufe: hasi inaruka kutoka swichi moja hadi nyingine, na imekatika baada ya kitufe cha 1. Zima, pima mlio wa mita kati ya pini 1 na mguu wa COM (wa pamoja, unaopokea hasi) wa kitufe cha 2. Kimya? Kaza au badilisha kile kiklipu, mara nyingi ni cha 6.3 mm kimevaa mguu wa 4.8 mm. Ukimaliza, mwisho wa mnyororo urudishe kwenye hasi, ili sehemu moja ikikatika isiue vyote.

Majengo_Gemu
Ethi haikuwepo kabisa, nimeshavuta. Vitufe vimerudi, kiklipu kilikuwa kimelegea. Kwenye bodi napata 4.58V.

Sakina_Bodi
Gemu ikiwaka, weka mita kati ya mguu wa +5V wa saplai na pini 3, usome hasara ya chanya peke yake. Fanya hivyo kwa hasi. Kisha pima kati ya waya ulipolehemiwa kwenye soketi ya bodi na shaba ya bodi kwenye pini hiyo hiyo: hasara kubwa ikiwa hapo, waya hauna kosa. Zima, sugua meno ya bodi kwa kifutio cha penseli, futa kwa spiriti. Hasara ikibaki, pini za soketi zimepoteza springi, badilisha soketi, nafasi kati ya pini 3.96 mm. Kibisi uguse mwisho, bodi ikiwa imewaka na mita iko pini 3.