Naomba ushauri: nisaini fomu ya hakimiliki ya jarida au nisubiri?

Habarini wanachama, na shikamooni wakubwa. Mimi ni mtafiti hapa Kampala, nashughulikia magonjwa ya mihogo. Makala yetu imekubaliwa na jarida la nje, na sasa wameniletea fomu ya kuhamisha hakimiliki. Kifungu kimoja kinakataza kuuweka mswada uliokubaliwa (nakala yetu ya mwisho kabla jarida halijaipanga kurasa) mahali pa wazi mtandaoni hadi miezi 12 ipite. Nikitaka usomwe bure mara moja, nilipe ada, ambayo kwa mshahara wa chuo ni ndoto. Maafisa ugani tuliowaandikia wataisoma lini?

Mwandishi mwenzangu yuko Edinburgh. Chuo chao kina sera tangu Januari 2022: mtafiti anakipa chuo ruhusa mapema, kabla ya mkataba wowote na jarida, ili mswada utoke kwa leseni ya CC BY, yaani yeyote ausome na kuutumia bure mradi awataje waandishi. Kitivo cha Sanaa na Sayansi cha Harvard kilipitisha sera ya namna hiyo tangu 2008. Chuo changu hakina. Mkutubi aliniambia "weka tu", ila nilipomwomba aniandikie hivyo, akacheka. Mhariri naye nimemwomba abadilishe kifungu. Jibu ni lilelile la kunakili na kubandika.

Maswali yangu: sera ya chuo cha mwenzangu inaweza kutukinga sote iwapo mimi ndiye ninayesaini? Na aliyewahi kupigania sera kama hii katika chuo cha Uganda, alianzia maktaba au seneti? Fomu wanaitaka Ijumaa.