Tupeane uzoefu: jino halikuwa linauma, nimeliziba ndiyo limeanza

mama_wawili (mleta mada)
Habari za jioni wakuu. Jumanne iliyopita nilizibwa gego la chini, kulia. Halikuwa linauma, lilikuwa na tundu tu ambalo nyama ilikuwa inanasa. Daktari akanipiga ganzi, akachimba, akaweka ile dawa nyeupe na kuikausha kwa taa ya bluu. Nikatoka nimefurahi kabisa. Jioni ganzi imeisha, nikanywa maji ya mtungini. Kikombe kilitaka kuniponyoka! Tangu siku hiyo baridi inanishtua, na nikiuma kitu kigumu napata mchomo unaopanda hadi sikioni. Natafuna upande mmoja. Jirani ananiambia niling'oe yaishe, lakini nina miaka 34, gego langu nalitaka. Waliopitia haya waniambie.

dereva_wa_usiku
Pole sana dada. Langu lilishtua kwa maji baridi na soda siku kama 10, likaacha lenyewe. Daktari alikuwa ameshaniambia tundu lilikwenda chini sana, karibu na mshipa, kwa hiyo nisiogope likishtuka kwa wiki mbili hivi. Kilichonipa moyo ni kwamba kila siku ilikuwa afadhali ya jana. Tafuta dawa ya meno ya wenye meno yanayoshtuka kwa baridi, na ukimaliza kupiga mswaki tema tu povu, usisukutue kwa maji mengi.

fundi_cherehani
Dada, mimi nasimama hapo kwenye kuuma kitu kigumu. Mimi nilikaa wiki tatu nakula uji na ndizi za kuponda, nikijua mzizi umekufa. Niliporudi, daktari akaniwekea kikaratasi chembamba cha bluu juu ya jino, akasema uma, sagasaga. Kisha akanionyesha kwa kioo: doti moja ya bluu iliyokolea, pembeni kabisa mwa ile dawa, na magego ya jirani hayana hata alama. Dawa ilikuwa juu. Kila nikifunga mdomo, jino lile moja lilikuwa linapokea nguvu ya taya zima. Siku ya kuziba aliniuliza kama nasikia sawa, nikajibu sawa, na mdomo wote ulikuwa umekufa ganzi, ningejuaje? Akaisaga kidogo, dakika 5, hata sindano haikuhitajika. Baada ya siku tatu nilikula mahindi ya kuchoma upande huohuo. Jaribu sasa hivi: funga mdomo polepole, usikilize jino gani linatangulia kugusa. Kama ni hilo, rudi kwa daktari wako kesho, usimwonee haya.

mpemba_wa_dar
Mimi sikubahatika, naeleza ili mtu asichelewe kama mimi. Lilianza na baridi, baadaye chai ya moto. Nilikuwa nameza chai na maumivu yanabaki, dakika kadhaa. Halafu yakaja ya usiku, bila kula chochote. Nikilala linapwita, nikikaa linapungua. Nikatafuna karafuu, maana kwetu ndiyo dawa ya kwanza, ikatuliza kidogo. Kosa langu kubwa ni kusaga aspirini na kuipaka kwenye fizi: ikaungua, ikawa nyeupe, ikachubuka. Kidonge kinamezwa, jamani. Nikanunua na antibayotiki dukani bila kuandikiwa, hazikugusa yale maumivu, kwa sababu kilichokuwa kinauma ni mshipa ulio ndani ya jino. Mwishowe lilipigwa picha, likafunguliwa, mizizi ikasafishwa, likafungwa kwa dawa ya muda. Nikasikia harufu ya karafuu mdomoni! Daktari akasema kweli, ndani yake mna mafuta ya karafuu. Nilirudi mara tatu, jino likavishwa kofia, yaani kifuniko kigumu cha kulilinda. Mwaka wa 6 huu, natafunia hilohilo.

bibi_harusi
Mkiwapeleka watoto, kaeni nao mkiwaangalia mpaka ganzi iishe. Wangu alijitafuna mdomo wa chini bila kusikia, jioni ukavimba tukadhani ni jino.

nesi_mstaafu
Mleta mada, yako bado inavumilika. Ila uso ukivimba, ukapata homa, usaha ukatoka, hapo usisubiri wiki mbili, nenda siku hiyohiyo. Na mdomo ukigoma kufunguka au kumeza kukawa shida, ni hospitali moja kwa moja, hata kama ni saa nane za usiku.

mama_wawili
Ahsanteni sana, nimetoka huko mchana huu. Fundi, doti ya bluu nimeiona kwa macho yangu, pembeni kama ulivyosema. Imesagwa, nimekula chapati kulia na ule mchomo haukuja. Maji baridi bado yanashtua, ila nikimeza tu inaisha. Daktari amesema nimpe wiki mbili, na likianza kuniamsha usiku nisisubiri tarehe. Nitarudi kuwaambia.