Mdogo wangu kafia usingizini, madaktari hawajui sababu, mama anataka kwenda kwa mganga. Nimwambie nini?

Shikamooni wakubwa, na wa rika langu habari zenu.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, sekondari, nipo Iringa. Mwezi wa tatu mdogo wangu wa miaka 26 alilala mzima, hakuamka. Jioni yake alicheza mpira. Mwili ukapasuliwa, daktari akatuita: moyo mzima, mapafu mazima, sumu hakuna. Sababu haijajulikana. Tukazika hivyo.

Mama hakubali. Anasema kuna mkono wa mtu. Ameuza mbuzi wawili apate hela ya mganga, na mganga atamtaja nani ninajua, maana majirani wameshaanza kumnyooshea kidole shangazi. Shangazi huyo ndiye aliyemlea marehemu.

Nilidhani nitamzuia kwa sayansi. Akaniuliza, "Basi wewe msomi niambie, mwanangu kauawa na nini?" Sikuwa na neno. Juzi darasani mwanafunzi kauliza kabla ya ulimwengu kuanza kulikuwa na nini. Nikaweka chaki mezani nikatoka nje. Miaka tisa swali hilo nalijibu bila shida. Kama mwisho wa elimu yote ni "haijajulikana", nasimama mbele ya watoto kufanya nini? Naombeni ushauri, hasa mliowahi kuzika namna hii.

Mtoto wa Ruaha: Pole sana mwalimu. Mpeleke tu mama akapate jibu, roho yake itulie.

Mleta uzi: Mkuu, mama akitulia, shangazi ataishi wapi?

Muuguzi Mstaafu: Pole mwanangu. "Hatukuona kitu" na "hakukuwa na kitu" ni maneno mawili tofauti. Moyo unaendeshwa kwa umeme. Umeme ukivurugika moyo unasimama, na mtu akishakufa hauachi alama kwenye nyama, kwa hiyo anayepasua anakuta moyo mzuri kabisa. Ugonjwa mmoja wa aina hiyo ulielezwa na madaktari wawili ndugu, Pedro na Josep Brugada, mwaka 1992, juzi tu hapa. Huwapata zaidi wanaume, na mara nyingi huua usiku wamelala. Sisemi ndio uliomchukua mdogo wako. Ila magonjwa haya hutembea kwenye damu ya ukoo. Wewe, ndugu zako na wazazi nendeni mkapime ECG, kile kipimo cha kubandika nyaya kifuani, na daktari wa moyo awaone. Kukiwa na shaka, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ipo Dar. Mnaweza kupima wote mkawa salama na bado msijue. Lakini hapo ndipo mkono wenu unapofika, anzieni hapo.

Mzee wa Kisarawe: Nilizika binti yangu, nakuelewa. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba, usiku na mchana, bila kusema neno. Walikosea walipofungua vinywa kumweleza sababu. Na Ayubu mwenyewe hakuambiwa sababu mpaka mwisho. Mimi nilimweleza mke wangu mengi sana, akaniambia, "Baba, nyamaza, nishike mkono." Kaa na mama yako. Na mwite shangazi aje alale hapo nyumbani, walie pamoja. Uvumi hunenepa watu wakikaa mbalimbali.

Galaksi: Kuhusu darasa, mwalimu. Mwaka 1933 mwanafalaki Fritz Zwicky alipima mwendo wa galaksi (mikusanyiko mikubwa ya nyota) za kundi liitwalo Coma, akakuta maada inayoonekana haitoshi kuzishikilia pamoja. Mpaka leo kilichopungua hatujakijua. Nyota, udongo na miili yetu ni kama asilimia 5 tu ya ulimwengu. Zwicky aliandika kipimo chake na pengo lake, vyote viwili. Mwanafunzi wako anastahili kusikia "sijui" kutoka kwa mtu anayejua kupima. Rudi umwambie. Mwambie pia kwamba umefiwa.

Mleta uzi: Asanteni sana, nimesoma yote. Jana nilikaa na mama jikoni akichambua mboga, sikueleza kitu. Akaanza mwenyewe kumtaja marehemu, alivyokuwa akiiba ukoko wa wali. Baadaye nikamwambia, "Mama, sijui kilichomuua. Na mganga naye hajui." Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza hicho kipimo kinauma? Nikasema hakiumi. Hajasema kwamba haendi kwa mganga, na hela ya mbuzi bado ipo kwenye pindo la kanga. Shangazi anafika kesho na basi la asubuhi, mama ndiye aliyempigia simu.