Nilimpa fundi besi yangu akaze funguo moja, kanirudishia gitaa la mtu mwingine

Wakuu, habari za jioni. Naandika huku mikono inatetemeka, kwa hiyo mkikuta neno limerukwa au limejirudia, nivumilieni. Uzi ni mrefu. Asiyependa kusoma apite tu, usiku mwema.

Nina gitaa la besi nililolinunua mkononi mwaka 2008 nikiwa Morogoro, kwa sh. 150,000. Laki ilikuwa yangu, ya vibarua vya likizo. Hamsini aliongeza mama siku alipopokea mchezo, akasema ni mkopo. Hajawahi kuudai, ila hajawahi kuusahau pia. Gitaa lenyewe halina jina. Pale kichwani palikuwa na herufi za dhahabu, lakini hata siku nanunua zilishafutika, zimebaki mbili na mkia wa ya tatu, kwa hiyo mpaka leo sijui nani kalitengeneza. Bodi ni plaiwudi tupu. Ukifungua skrubu ukachungulia tunduni unaona tabaka kama za chapati. Zito kama mlango wa stoo. Nyuzi zimekaa juu mpaka mgeni akilishika dakika tano anaanza kupuliza vidole. Yote hayo nayajua. Mtu asije hapa kunieleza kwamba ni gitaa la bei rahisi, bei niliitoa mimi.

Tatizo lilikuwa dogo. Funguo ya uzi wa A (kile kitasa cha kichwani cha kukazia uzi) ilikuwa inalegea, wimbo ukifika ubeti wa pili uzi umeshashuka. Na jeki, lile tundu la kuchomekea waya, ilikuwa inakwaruza, ukigusa waya spika inapiga kelele za radi. Kazi ya nusu saa. Nikapeleka kwa fundi mmoja Kariakoo (simtaji, wala mtaa siutaji, msinifuate faragha kuniuliza). Tukakubaliana 25,000, nikaacha 15,000. Nikamwambia, na nikarudia: kaza funguo, lehemu waya wa jeki, kingine usiguse. Akajibu, "Usijali bosi wangu." Wakuu, fundi akikwambia usijali kabla hujaonyesha kwamba una wasiwasi, beba mzigo wako uondoke.

Wiki ya kwanza kesho. Wiki ya pili umeme. Wiki ya tatu simu inaita tu. Siku ya 22 nimeingia pale nakuta magitaa yamelundikwa chini, moja jeusi linang'aa limetundikwa ukutani. Nikalipita. Naapa nimelipita. Nikainama nikaanza kufukua lile rundo la chini natafuta langu, jamaa kasimama nyuma yangu anatabasamu kama mtu aliyekuandalia sherehe.

"Bosi, si hili hapa."

Kalipiga msasa lote. Kaziba mikwaruzo kwa puti ya magari, kapulizia rangi ya magari, nyeusi, mpaka kichwani, zile herufi mbili na mkia zimekwenda. Katoa pikapu, ile sumaku ya chini ya nyuzi inayonasa sauti, kaweka nyingine. Katoa nyuzi. Shingo nalo kalisugua ubavuni, kapaka vanishi. Kaweka vitufe vya dhahabu kwenye voliumu na toni, vile vya kung'aa kama vifungo vya sare ya bendi ya shule. Halafu ananiambia ni 140,000, na kwamba kanipunguzia kwa sababu mimi ni mteja wa kudumu. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza kumpelekea!

Sasa niwaambie kilichokuwa ubavuni mwa shingo, kwa sababu hapo ndipo nilipokaa chini kwenye ndoo.

Nilianza kupiga kwenye kwaya ya vijana, usharikani. Sikujua kitu. Mwalimu wa kwaya alikuwa mtu wa tonika sol-fa, hizi d r m za kwenye makaratasi ya kurudufu, nota za mistari hakuzitaka kabisa. Siku moja baada ya mazoezi akachukua ile chupa yake ya wino mweupe wa kufutia makosa, akalilaza gitaa kwenye benchi, akavaa miwani, akaandika ubavuni mwa shingo, upande ninaouona mimi nikiinamisha kichwa. Freti (vile vyuma vinavyokatiza shingo) ya tatu d. Ya tano r. Ya saba m. Ya nane f. Ya kumi s. Mkono wake unatetemeka kidogo, ile r ilitoka kama v, akaipuliza ikauke hivyohivyo. Tukaipa jina, "vee ya mwalimu". Anayejua sol-fa ameshaona tatizo: d inahama kila ufunguo wa wimbo unapobadilika, na pale mwalimu aliandika kwa ufunguo wa G tu. Mimi hilo sikulielewa. Karibu mwaka mzima kwaya ile iliimba kila kitu kwenye G. Soprano walikuwa wanalia, wazee wanauliza mbona nyimbo zote siku hizi zinafanana, na mwalimu akawa ananitazama tu anasubiri nigutuke.

Miaka yote niliyolitumia, zile herufi hazikutoka. Jasho halikuzitoa, mvua ya Pasaka ya uwanjani haikuzitoa. Zimetoka kwa msasa wa fundi ambaye, nilipomuuliza, akasema: "Ah, ule uchafu mweupe? Umenisumbua kweli ule."

Umenisumbua kweli ule.

Kingine ni kifuniko cha dawa ya meno. Kitufe cha voliumu kilipotea safarini tukitoka mkutano wa injili, basi limejaa, gitaa liko juu ya keria. Nikabandika kifuniko cheupe cha dawa ya meno kwa kijiti cha kiberiti na gundi. Ilikuwa kwa muda tu. Kimekaa miaka 13. Kilikuwa na mistari midogo pembeni, kidole cha mwisho kinakikamata vizuri kuliko hivi vya dhahabu, ambavyo vikiloa jasho vinateleza kama sabuni.

Na kichwani, upande wa nyuma, palikuwa na bonde dogo la kuchakaa. Hapo mniruhusu nieleze kidogo. Sikuwa na ampifaya. Nilijaribu sabufa ya nyumbani, siku tatu mtaa mzima ukanijua, siku ya nne spika ikapasuka nikakimbilia kwa shangazi. (Uzi mnene wa besi ya kawaida, ile E, ukiachwa wazi unatikisika kama mara 41 kwa sekunde. Sabufa ya sebuleni huimudu ikitoka kwenye redio imeshapunguzwa makali, ukiichomeka besi kavukavu unaipasua.) Baada ya hapo nikajifunza kuegemeza kichwa cha gitaa kwenye kabati la nguo. Anayepiga besi anaijua hii. Ukigusa mbao, kabati lote linanguruma, hata vikombe juu yake vinaitikia. Nimejifunzia sebene pale, usiku, mlango umefungwa, na lile bonde lilichimbwa na ukingo wa kabati. Fundi kalijaza puti. "Lilikuwa limebonyea, nikalisawazisha."

Nyuzi je? Kaniambia zilikuwa chafu. Ndiyo, chafu, za miaka tisa. Enzi za Morogoro seti mpya ilikuwa ndoto, tulikuwa tunazichemsha. Unazivua, unazitia kwenye sufuria ya maji dakika kumi hivi, mafuta ya vidole yaliyojificha kwenye mizunguko ya waya yanatoka, unakausha, unafunga, zinalia kama mpya kwa wiki mbili. Mama alikuwa ananiuliza mbona ubwabwa una harufu ya chuma. Baadaye nikapata hela nikaacha kuchemsha, na nikaacha kubadilisha pia, kwa sababu nilizipenda zikiwa zimekufa, zinatoa mdundo mfupi, puu, kama ngumi kwenye gunia. James Jamerson, yule mpiga besi wa lebo ya Motown kule Detroit ambaye wapiga besi wote duniani anatudai ada, alikuwa habadilishi nyuzi mpaka zikatike. Besi yake ilikuwa Fender Precision ya mwaka 1962, nyuzi ziko juu hatari. Leo angempelekea huyu fundi wangu, angeondoka na kitu cheusi kinachong'aa chenye vitufe vya dhahabu.

Nikaomba basi nirudishiwe vitu vyangu vya zamani. Pikapu, nyuzi, kifuniko. Anasema pikapu na nyuzi zilipita na kijana wa vyuma chakavu. Kifuniko hakumbuki.

Tulibishana mpaka muuza kahawa wa pale nje akaweka birika chini akaingia kuamua. Mimi nasema sikuagiza. Yeye anasema rangi imeingia, puti imeingia, nguvu imeingia. Muuza kahawa akalitazama gitaa akasema kwa kweli limependeza. Basi nikajua kesi nimeshindwa. Akapendekeza 70,000, nikalipa, nikabeba. Yule kijana msaidizi wa fundi alikuwa ananitazama kwa huruma lakini hakusema neno.

Halafu kuna hili ambalo lingekuwa rahisi nisilitaje. Limekuwa zuri. Nimefika nyumbani nimechomeka, halikwaruzi, A imesimama, sauti imenyooka, nyuzi zimeshuka vidole haviumi. Lingekuwa limeharibika ningejua la kufanya na hasira yangu. Nimepiga dakika kumi nikaliweka kitandani nikawa nalitazama kama mgeni aliyekuja na jina la ndugu yangu.

Nimepeleka habari kwenye grupu la bendi nikitafuta faraja. Mpiga solo wetu kaandika "hongera kwa gitaa jipya" na vikatuni vya kucheka. Mwingine eti mtu mzima analilia kifuniko cha dawa ya meno. Sikilizeni. Besi ya kazi ninayo, ya nyuzi tano, ndiyo inayonilisha kwenye maharusi, na huyo fundi angeipaka hata rangi ya pinki nisingefungua uzi. Paul McCartney wa Beatles alinunua besi ya Höfner kule Hamburg mwaka 1961, kwa takribani pauni 30, kwa sababu Fender ilikuwa inamshinda bei. Ikaibwa London mwaka 1972. Yule mzee angeweza kununua kiwanda kizima cha magitaa, lakini watu waliitafuta ile ya pauni 30 mpaka ikapatikana, habari zikatangazwa Februari 2024, imeharibika inahitaji matengenezo, na Desemba ileile akapanda nayo jukwaani London. Hakuna mtu aliyemcheka. Au kucheka ni kwa sisi wa laki na nusu tu?

Ninachoomba kwenu ni viwili. Kwanza, kuna mtu amewahi kuondoa rangi ya gari kwenye plaiwudi bila gundi ya tabaka kuachia? Thina naiogopa, moto naogopa zaidi. Pili, mnaowajua mafundi wanaofanya kile tu walichoambiwa, tajeni mikoa yao, hata kama ni Kigoma nitapanda treni.

NYONGEZA 1: Wengi mmesema nimrudie mwalimu aandike upya. Nimempigia, yuko kwao Njombe, kastaafu. Nimemsimulia yote mpaka ile r. Kacheka mpaka akakohoa, akampa mke wake simu, akairudisha, akasema: "Kijana wangu, si umeshajua G iko wapi? Unazitakia nini tena?" Sikuwa na jibu. Nikamuuliza kama ile chupa ya wino anayo bado. Akasema ilikauka zamani.

NYONGEZA 2: Aliyesema nimejitungia hadithi ili nimharibie fundi jina, nioneshe jina la fundi liko wapi humu.

NYONGEZA 3 (usiku huu): Yule kijana msaidizi kanitafuta WhatsApp. Katuma picha. Kifuniko changu kipo, hakikutupwa, wamekigeuza kizibo cha chupa ya gundi pale mezani, na kile kijiti cha kiberiti bado kimo ndani. Anasema kimeng'ang'ania lakini akikipasha joto kidogo kitatoka, ila fundi asijue. Anataka 5,000.

Nimemtumia, na ya kutolea.