Eldoret ina watu wangapi hasa: 475,716 au 1,163,186?

MwanaSosiani:
Wandugu, nisaidieni. Naomba mkopo wa kufungua agroveti (duka la pembejeo na dawa za mifugo) na benki inataka idadi ya watu wa Eldoret. Mahali pamoja nimeona 475,716, pengine 1,163,186, na rafiki yangu anashikilia 289,380. Nikafungua majedwali ya kaunti ndogo, Eldoret haimo kabisa! Niandike ipi?

Karani Mstaafu:
Zote ni za kweli, ila kila moja ina mpaka wake. 1,163,186 ni kaunti nzima ya Uasin Gishu, ambamo Eldoret imo, sensa ya 2019. 475,716 ni mji wa Eldoret, sensa hiyohiyo. Ya rafiki yako ni ya mji pia, lakini ya 2009. Mwambie aipumzishe.

Kaunti ndogo ni sita: Ainabkoi, Kapseret, Kesses, Moiben, Soy na Turbo. Mji umegawanyika humo. Langas iko Kapseret, Huruma iko Turbo, Kapsoya iko Ainabkoi, Kimumu iko Moiben. Ukijumlisha hizo nne ukidhani umepata mji, umezoa na mashamba ya mahindi. Tumia jedwali la miji la KNBS, shirika la takwimu la taifa.

Tena kumbuka tulihesabu waliolala hapo usiku wa kuamkia Agosti 25, 2019, basi. Nilikuwa Langas, ploti za vyumba vya mstari, tableti mkononi, chaki mfukoni ya kuandika namba mlangoni. Mama mmoja alinishika mkono nimwandike kijana wake aliyekuwa kazini Nairobi. "Si kitanda chake hiki hapa?" Nikamwambia huyo atahesabiwa hukohuko alikolala. Alinuna mpaka naondoka. Kwa hivyo mtu wa kwenu anayefanya kazi mbali, usimtafute kwenye namba ya Eldoret.

Nyanya wa Kapsoya:
Karani, hapo sawa. Lakini tulikuwa tukiambiwa jiji ni watu nusu milioni. Hiyo 475,716 ilipataje hati ya kuwa jiji?

Karani Mstaafu:
Shikamoo nyanya. Sheria ya miji na majiji ya 2011 ilidai 500,000 kweli. Ikarekebishwa 2019, kiwango kikashuka hadi 250,000, na Eldoret ikakabidhiwa hati Agosti 15, 2024. Nakuru yenye 570,674 ingepita hata kwa kipimo cha zamani. Sisi tungengoja sensa nyingine.

Nyanya wa Kapsoya:
Marahaba. Kumbe ni kipimo kilichopunguzwa, si sisi tulioongezeka! Na mitaro ya huku bado ni ya manispaa.

MwanaSosiani:
Asanteni. Duka lenyewe litakuwa Ziwa, upande wa Soy. Basi niweke ya mji?

Karani Mstaafu:
Ziwa! Ungesema mapema, ndugu yangu. Mtu wa Huruma hatapanda matatu hadi Ziwa kununua dawa ya kupe. Ukitoa mji kwenye kaunti unabaki na 687,470, na hata humo kuna vituo kama Burnt Forest ambavyo si wateja wako. Weka namba ya Soy, uandike "sensa ya 2019" kando yake. Halafu usiishie kwa watu. Sensa ile iliuliza mifugo pia, na majedwali yake yameshuka hadi kaunti ndogo, ng'ombe wa kigeni kivyao na wa kienyeji kivyao. Kwa agroveti, hiyo ndiyo karatasi ya kumwekea meneja wa benki mezani kwanza.