Kituo cha kutotolesha vifaranga vya ngege, Awasi: nimekosea wapi kwenye mchoro?

Mwalimu_Awasi
Habari zenu wafugaji. Nimestaafu ualimu, na mimi na mdogo wangu tuna ekari mbili kati ya Ahero na Awasi, huku tambarare ya Kano, Kisumu. Kisima kirefu kimeshachimbwa. Tunataka kutotolesha vifaranga vya ngege (tilapia), mumi (kambale) baadaye. Mwaka juzi nilinunua vifaranga 3,000 mahali fulani, na kabla ya wiki mbili kwisha walikuwa wanaelea, macho yamevimba, ubavuni vidonda. Aliyeniuzia alisema ni maji yangu. Huenda. Lakini sitaki mkulima yeyote atoke kwangu na mfuko wa samaki kisha akawazike kwake, ndiyo maana nauliza kabla ya kumwaga zege.

Mchoro ni huu: lango juu, barabarani. Matangi ya kuuzia yako ndani, ubavuni mwa chumba cha mayai, ili wateja wajionee usafi. Samaki wazazi wako katika mabwawa manne. Karantini, mahali pa kuwatenga samaki wageni, iko chini kabisa, karibu na mpera. Maji ya kisima yakipungua nitachota kwenye mfereji wa mashamba ya mpunga.

Mumi_Kakamega
Mwalimu, ufute huo mfereji leo hii. Maji yake yanatoka mto Nyando yakipita mashamba ya watu, yana dawa za mpunga, konokono na samaki wa porini. Mayai na vifaranga wachanga wapewe maji ya kisima tu. Ila maji ya kisima hutoka chini bila hewa ya kutosha, na mengine yana chuma, kwa hiyo yarushe kwanza yapige hewa, yatulie, ndipo yaingie ndani. Kipimo cha oksijeni kisishuke chini ya miligramu 5 kwa lita.

Nyavu_Kavu
Mwalimu, nimefanya kazi hii miaka kumi na moja, nimeanza nikiwa kijana wa kubeba ndoo. Hapo ulipoandika "wateja wajionee usafi" ndipo ugonjwa utakapoingilia. Mteja anatoka bwawani kwake asubuhi na viatu vile vile, ndoo ile ile, pengine samaki wake wanakufa na ndiyo sababu anatafuta wengine. Muuzie langoni. Weka matangi mawili nje ya ukuta wa ndani. Vifaranga watoke, kisibaki kitu cha kurudi. Aliyebaki jioni hajanunuliwa asirudishwe ndani. Mfuko wa plastiki uliotoka shamba lingine usiujaze tena hata mtu akikulilia.

Kisha chora upya ukianza na mistari, majengo yaje baadaye. Chora mstari wa maji, wa watu, wa samaki, na wa vyavu na ndoo. Kila tangi liwe na bomba lake la kuingiza na lake la kutoa. Maji yaliyopita kwa wazazi yasifike kwa watoto. Mfanyakazi aanzie kwenye mayai asubuhi, aende kwa vifaranga, halafu wazazi, karantini mwisho. Akishagusa karantini hapandi tena mpaka kesho. Sisi ndoo za karantini ni nyekundu, za mayai za buluu, na hata mgeni wa siku moja anajua ipi haivuki mlango.

Beseni la dawa ya viatu kila mtu analo mlangoni, lakini kwa udongo mweusi wa Kano unaonata namna ile, dawa hufia kwenye tope. Weka kwanza bomba na brashi, buti zisuguliwe, ndipo zikanyage dawa. La nafuu zaidi ni buti zinazobaki ndani, hazitoki.

Na chakula cha mchana! Nimeona vijana wanaleta ngege kutoka sokoni, wanawaparua magamba kwenye sinki ile ile ya kuoshea vyavu. Jiko na karo yake viwe nje ya uzio.

Sasa wazazi. Usinunue moja kwa moja kutoka ziwani wala kwenye vizimba vya kufugia samaki humo ziwani. Kuna kirusi cha ngege kilichotambuliwa Israel mwaka 2014, na utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulikipata kwa samaki wa Ziwa Victoria upande wa Uganda na Tanzania. Hakina dawa. Samaki anaweza kukibeba akiwa anang'aa, na kinaweza kupita kwa mzazi hadi kwenye yai, kwa hiyo kuosha mayai peke yake hakukuokoi. Nunua mara moja, kundi moja, mahali panapokubali wapimwe maabara, kisha karantini siku 30 kamili. Mimi niliwahi kukata siku hizo zikawa tisa kwa sababu wateja walikuwa wanapiga simu. Nilizika wazazi wote wa miaka minne. Sijasahau harufu ile.

Binti_Nyakach
Naongeza moja tu. Mwalimu, mafuriko ya 2020 yalifika wapi kwenye shamba lako?

Mwalimu_Awasi
Kwenye mpera yalifika magotini. Chumba cha mayai kingebaki kavu.

Binti_Nyakach
Basi karantini haiwezi kukaa hapo. Maji yakipanda mara moja tu yatachukua ugonjwa wote uliokusanya na kuupeleka mabwawani kwako na kwa majirani. Ipandishe juu, upande wa pili wa lango, chumba kilichofungwa, sakafu iliyoinuliwa, mlango wake wenyewe. Usichore shimo la kunyonya maji. Udongo wetu haunyonyi. Jenga tangi la lita 5,000 la kupokea maji yake. Gramu 77 hivi za unga wa klorini wa asilimia 65 zinakupa miligramu 10 kwa lita, lakini maji machafu hula klorini, kwa hiyo kesho yake pima kama imebaki. Kama haipo, ongeza, na uhesabu saa 24 upya. Kabla ya kuyaachia, hakikisha klorini imekwisha, la sivyo utaua vya jirani.

Stima nayo. Chupa kumi za kutotoleshea, kila moja lita 3 kwa dakika, ni lita 1,800 kwa saa. Tangi la lita 10,000 juu ya mnara litakuvusha saa tano na nusu bila pampu. Mnara usimamishwe na fundi anayeujua udongo huu, maana ukikauka hupasuka na kuvuta nguzo.

Mwalimu_Awasi
Nawashukuru sana, kaka na dada zangu. Nyavu_Kavu, pole kwa wale wazazi. Mimi ndugu yangu alikuwa ameshamwambia mtu wa vizimba tutachukua majike 90 na madume 30 mwezi ujao. Nimempigia simu sasa hivi, nimeahirisha. Kesho tunatoka na kamba na vigingi. Lango linabaki, matangi ya kuuzia yanatoka nje, karantini inapanda, jiko linahamia kwa mdogo wangu ng'ambo ya uzio. Swali limebaki moja: mabwawa ya wazazi niyawekee wavu juu wote? Korongo na mnandi wanatua kwangu kila alfajiri.

Mumi_Kakamega
Wote, mpaka chini. Na pembeni bati la nusu mita, kwa ajili ya kenge na vyura.