Nimelipa laki tatu na nusu nitafsiriwe cheksamu kutoka C kwenda Java, sasa mzani unakataa kila kiroba cha kilo 12.8 hadi 25.5

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Mimi ni fundi wa mizani, naishi Mwanga hapa Kigoma mjini. Pale mwalo wa Kibirizi nina mzani wa kielektroniki ambao akina mama wa dagaa wanapimia viroba vyao kabla havijapanda gari. Mzani unatumia Modbus, ule utaratibu wa mitambo kuwasiliana uliotolewa na Modicon mwaka 1979. Mwisho wa kila ujumbe kuna baiti mbili za cheksamu, yaani namba ya kuhakiki inayokokotolewa kutoka kwenye ujumbe wenyewe, ili anayepokea ajue kama kuna kitu kimeharibika njiani. Muda wote nilikuwa nasoma uzito kwa kisanduku changu chenye programu iliyoandikwa kwa lugha ya C, na hakijawahi kunisumbua. Nilichotaka ni uzito uingie kwenye simu, mama apate risiti yake papo hapo. Programu ya simu ilitakiwa iandikwe kwa lugha ya Java, ambayo sikuwa naijua, nikatafuta mtu. Kazi yenyewe ya cheksamu haifiki mistari kumi na mitano.

Siku ya pili jamaa akanitumia picha WhatsApp: maandishi 123456789 yameingia, 4B37 imetoka. Hiyo ndiyo namba inayotumika kuhakiki CRC-16, yaani hesabu ya cheksamu ya Modbus, hata mimi naijua. Nikammalizia hela yake.

Asubuhi ya kwanza mwaloni, kiroba cha kilo 9 kikapita. Kingine cha kilo 11, safi. Cha tatu kina kilo 18, simu ikaandika "ujumbe umeharibika". Tukakitoa, tukakirudisha, jibu lilelile. Cha kilo 22 hivyohivyo. Foleni ikaanza kurefuka, jua linapanda, na dereva wa gari la Kasulu anapiga honi. Mama mmoja ambaye nampimia tangu nianze kazi hii akanishika mkono akaniambia, "Mwanangu, mimi nina wateja wananisubiri, nipimie na ule wa zamani." Nikarudisha mzani wa mawe mbele ya watu wote. Niliona aibu mpaka leo sijaisahau.

Nikampigia jamaa. Akasema kebo. Nikanunua kebo mpya. Akasema umeme wa hapo kwetu ni mchafu. Nikaendesha mzani kwa betri. Akasema mzani wenyewe ni feki. Kila nikimuuliza kuhusu msimbo wake ananirushia tena ile picha ya 4B37, eti hesabu imehakikiwa, nisimfundishe kazi.

Usiku nikaubeba mzani nyumbani. Nikaweka ndoo juu yake na kumimina maji kwa kikombe, huku naandika kwenye daftari. Kilo 12.6, inakubali. 12.7, inakubali. 12.8, inakataa. Nikaendelea mpaka ndoo ikajaa, nikaongeza dumu. 25.5 bado inakataa. Tone kidogo, 25.6, ikakubali! Ikaendelea kukubali hadi 38.3, na 38.4 ikakataa tena.

Kebo mbovu haichagui uzito namna hiyo. Mzani wangu unatuma uzito kwa hatua za gramu 100, kwa hiyo kilo 12.7 ni namba 127 na kilo 12.8 ni 128. Hapo ndipo biti ya nane ya baiti inapowaka. Kwenye C niliandika uint8_t, baiti isiyo na alama, 128 inabaki 128. Java haina baiti ya namna hiyo: baiti yake inaanzia -128 na kuishia 127. Kwa hiyo 128 yangu ikageuka -128, na ilipoingia kwenye hesabu ya biti 32 zile biti zote za juu zikajazwa moja. XOR, ile hatua ya kulinganisha biti kwa biti ndani ya cheksamu, ikabeba takataka hiyo yote. Dawa yake ni kuandika & 0xFF baada ya jina la baiti, kabla haijaingia kwenye XOR, ili zibaki biti nane za chini tu. Basi, ni hicho tu!

Kinachonichoma ni kwamba alijua. Mistari michache chini, pale anaposoma zile baiti mbili za cheksamu kutoka kwenye mzani, ameweka & 0xFF vizuri kabisa. Ndani ya kitanzi (loop), kwenye moyo wa hesabu, hakuweka. Alibadilisha uint8_t kuwa byte kwa sababu maneno yanafanana, akaendelea na safari.

Na ile 4B37 yake haithibitishi chochote kuhusu kosa hili. Herufi za 1 hadi 9 ni baiti 0x31 hadi 0x39 kwa heksadesimali, yaani 49 hadi 57 za kawaida, zote ziko chini ya 128. Msimbo mbovu na msimbo mzima vyote vinatoa 4B37. Nilikuwa nimempa programu ya C inayofanya kazi. Angezipitisha baiti zote 256 kwenye programu zote mbili na kulinganisha majibu, angeona tofauti kabla ya chai kupoa. Hakufanya, akachukua hela.

Nilipomwonyesha amejibu kwa maneno mawili: "Dogo hilo." Dogo kwa nani? Mimi nimepoteza wiki nzima na hela ya kebo, na akina mama wamechelewa gari. Nataka nusu ya hela yangu, na nimemwambia hivyo.

Nasikia msimbo huohuo amewauzia wengine wenye mizani. Kama ni wewe, usiishie kwenye 123456789. Pitisha baiti hizi tano za heksadesimali: 01 03 02 00 80. Jibu sahihi ni E4B9, na kwenye waya inatangulia B9 ndipo E4. Ukiangalia biti 16 za mwisho ukakuta 1B46, yaani biti zote zimepinduliwa, una msimbo uleule niliouziwa mimi. Fungua kile kitanzi, weka & 0xFF, halafu niambie hapa ulilipa shilingi ngapi.